Selmer si nakala ya Gibson

Ndugu mwandishi, makala tamu, ila hapo ulipoliita gitaa la Selmer la Paris nakala ya Gibson L-5 umeteleza. L-5 ilitoka 1922: ubao wake wa mbele umechongwa ukabinuka kama wa fidla, na matundu yake mawili yana umbo la herufi f. Mario Maccaferri alipowabunia Selmer gitaa lao mwaka 1932, alitumia ubao mwembamba, karibu bapa, uliokunjwa kidogo tu pale jirani na daraja. Ndiyo maana sauti yake huchomoka upesi, kali, kama ya mtu anayeongelea puani, kisha hukatika. Kwa solo bila umeme, mimi sioni mpinzani. Rithimu nyuma ya matarumbeta ni habari nyingine. Hapo mwalimu ni Freddie Green wa bendi ya Count Basie, na magitaa yake ya Kimarekani yenye nyuzi zilizoinuliwa juu.

Halafu umesahau 1946. Mpiga gitaa Django Reinhardt alikwenda Marekani kupiga na Duke Ellington bila Selmer yake, akapewa gitaa la umeme. Sikiliza rekodi za ziara ile, urudi kwenye zile za Paris za miaka ya 1930. Vidole ni vilevile, gitaa silo.