Mcheza Kwao Hutunzwa; Mcheza Ugenini Je?



Mwezi uliopita nilipokea barua kutoka kwa mama mmoja, msomaji wa siku nyingi wa ukurasa huu. Mwanawe ana miaka kumi na mitano, ni golikipa hodari wa timu ya vijana mtaani kwao, na sasa amewaambia wazazi wake kuwa shule imemtosha. Anataka mpira, na mpira peke yake. Baba mtu ameghadhibika, hataki hata kusikia neno hilo likitajwa ndani ya nyumba. Mama yu katikati, naye ameniuliza: "Ndugu mwandishi, katika hawa wawili ni nani mwenye haki?" Mimi si kadhi wa kuamua baina ya mtu na mwanawe. Ninayo hadithi ya kweli ya golikipa mwingine, aliyekuja Uingereza kusoma akaishia uwanjani. Nitaisimulia kama ilivyokuwa, kisha kila mmoja achukue limfaalo.

Arthur Wharton alizaliwa tarehe 28 Oktoba 1865 katika mtaa wa Jamestown, mjini Accra, nchi iliyokuwa ikiitwa Gold Coast, ambayo tangu 1957 ni Ghana. Baba yake, Henry Wharton, alikuwa mhubiri wa Kimethodisti mwenye asili ya kisiwa cha Grenada. Mama yake, Annie Florence Egyiriba, alikuwa na nasaba na watawala wa Kifante. Hakuwa, basi, mtoto wa mnyonge. Alipofika Uingereza mwaka 1882, azma ya wakubwa wake ilikuwa moja tu: asome, ahitimu, ashike kazi ya dini na ualimu kama alivyoishika babake. Alianzia Cannock, na mwaka 1884 akahamia Cleveland College, katika mji wa Darlington, kaskazini mwa nchi.

Huko Darlington ndiko miguu ilikoshinda kitabu. Kijana alikuwa na mbio ambazo watu hawakupata kuziona. Tarehe 3 Julai 1886, katika uwanja wa Stamford Bridge, London, alishindana katika mashindano ya ubingwa wa riadha wa Uingereza, akakimbia yadi 100, yaani kiasi cha mita 91, kwa sekunde 10 kamili. Si mara moja, bali mara mbili siku ile ile: katika mchujo na katika fainali. Alikabidhiwa kombe lililoitwa kwa jina la Prince Hassan Pacha, na picha yake akiwa amesimama kando ya kombe hilo ingalipo hadi leo. Mwaka uliofuata alirudi akalitwaa taji tena.

Mwenye mbio kama hizo ungedhani angewekwa pembeni awe mshambuliaji, lakini Wharton alipenda kukaa golini. Alianza na Darlington, na punde si punde akatakiwa na Preston North End, mojawapo ya timu kubwa kabisa za zama zile. Akiwa nao katika msimu wa 1886/87 walifika nusu fainali ya Kombe la FA, wakatolewa na West Bromwich Albion kwa mabao 3 kwa 1.

Yafaa tukumbuke golikipa wa siku zile alikuwa katika hali gani. Hakuwa na glavu za kisasa wala refa wa kumhurumia. Washambuliaji waliruhusiwa kumpiga kumbo la bega hadi nyavuni, naye ilimbidi ajihami kwa akili na kwa ngumi. Wharton alikuwa na mtindo wake. Hujikunyata karibu na mlingoti kana kwamba hayumo mchezoni, kisha hufyatuka kama mshale mpira unapokaribia. Mtazamaji mmoja aliandika gazetini miaka mingi baadaye kwamba alimwona akirukia mtambaa-panya, akaushika kwa mikono, akaunasa mpira katikati ya miguu yake, na washambuliaji watatu waliokuwa wakimjia kwa kasi wakapitiliza wakaangukia nyavuni. Watu walicheka na kushangilia. Walilipa kiingilio ili wamwone.

Lakini kushangiliwa si sawa na kuheshimiwa. Mwaka 1887 gazeti moja la michezo, likimlaumu kwa mbwembwe zake, liliuliza kwa dharau kama fuvu la mtu mweusi huyu ni nene mno hata asifahamu kwamba golini si mahali pa mzaha. Golikipa mweupe akikosea, watu husema amekosea. Wharton alipokosea, ilitajwa rangi yake. Wazazi wanaosimama kando ya viwanja Jumamosi asubuhi hawahitaji kufafanuliwa zaidi. Wengi wenu mmeyasikia kwa masikio yenu.

Mwaka 1888 aliiacha Preston, akaenda kutafuta fedha katika mbio za kulipwa mjini Sheffield. Msimu uliofuata, ule wa 1888/89, ndio uliokuwa wa kwanza wa Ligi, na Preston waliumaliza bila kufungwa hata mchezo mmoja, tena wakachukua na Kombe la FA. Yeye hakuwamo. Mwaka 1889 alisajiliwa na Rotherham Town kama mchezaji wa kulipwa, na kwa sababu hiyo huhesabiwa na wengi kuwa mchezaji wa kwanza mweusi wa kulipwa duniani. Huko Rotherham alioa mwaka 1890, bibi aitwaye Emma Lister, na akaendesha kilabu cha pombe, kama walivyofanya wachezaji wengi wa zama zile waliotaka kipato cha pili. Mwaka 1894 alichukuliwa na Sheffield United. Lakini klabu hiyo mwaka huo huo ilimpata kijana wa miraba minne, William Foulke, na Wharton akawa wa akiba. Februari 1895 alisimama golini dhidi ya Sunderland, timu iliyokuja kuwa bingwa msimu huo, akawa mtu mweusi wa kwanza kucheza katika daraja la juu kabisa la Ligi.

Baada ya hapo njia iliteremka: Stalybridge Rovers, Ashton North End, Stalybridge tena, na mwisho Stockport County, alikotundika viatu mwaka 1902 akiwa na miaka 36. Mwaka mmoja kabla ya hapo ilikuwa imeanza kutumika sheria ya wakuu wa mpira kwamba mchezaji asilipwe zaidi ya pauni 4 kwa wiki. Chama cha wachezaji kilichodumu kiliundwa 1907, yeye ameshaondoka. Hakuwa na kiinua mgongo, wala shahada ile aliyokuja kuitafuta, na ulevi nao ulikwisha mwandama. Akaingia katika machimbo ya makaa ya mawe, mgodi wa Yorkshire Main katika kijiji cha Edlington, karibu na Doncaster, akisukuma magari ya makaa chini ya ardhi. Mtu aliyekuwa mwepesi kuliko wote Uingereza alifariki Desemba 1930, na akazikwa Edlington katika kaburi lisilo na jina.

Alilala hivyo miaka 67. Mwaka 1997, kwa jitihada za wanaharakati wa Sheffield waliokuwa wakipiga vita ubaguzi katika soka, liliwekwa jiwe lenye jina lake. Tangu hapo heshima zikafuatana: mwaka 2003 aliingizwa katika orodha ya mashujaa wa soka la Uingereza, na mwaka 2014 ilisimamishwa sanamu yake katika kituo cha timu ya taifa, St George's Park, akiwa ameruka kuufuata mpira.

Methali yetu yasema mcheza kwao hutunzwa. Kutunzwa huko ni kule kwa ngomani: akicheza vizuri mtu, jamaa zake humwendea wakamtia tuzo mkononi, ili ngoma ikiisha asirudi nyumbani mikono mitupu. Wharton alicheza ugenini miaka kumi na saba. Makofi aliyapata. Aliyekosekana ni mtu wa kumtunza ngoma ilipokwisha.

Sisi Waislamu hatuna haja ya kujenga juu ya makaburi. Alama ndogo yatosha ili jamaa wajue wapi pa kuzuru. Kwa hiyo kilichonisikitisha hapa si ukosefu wa jiwe. Ni kwamba hakubaki mtu wa kusema, "Huyu ni wetu." Nami sina ubavu wa kuwalaumu watu wa Edlington. Miaka michache iliyopita tulimzika mzee mmoja wa pwani, baharia wa zamani aliyeishi peke yake. Hatukutimia kumi. Leo mtu akiniuliza kaburi lake ni lipi katika safu ile, sitamwonyesha kwa yakini, nami nilikuwa mmoja wa waliolishika jeneza.

Narudi kwako, mama. Mwambie baba wa kijana kwamba hofu yake ina msingi. Wharton alikuwa na kipaji kuliko wote, na kipaji kilimchukua hadi miaka 36 tu. Miaka 29 iliyobaki ilimtaka awe na kitu kingine mkononi. Kijana na amalize mitihani yake, na asitie saini karatasi yoyote kabla mtu mzima anayemtakia heri hajaisoma mstari kwa mstari. Lakini mwambie pia kwamba kuukataza mpira usitajwe nyumbani hakutaufuta moyoni mwa mtoto. Kutamfanya aucheze peke yake. Jumamosi avae koti lake aende akasimame nyuma ya goli. Siku mwanawe atakapofungwa bao la kizembe na mtu akatamka lile neno, ni vyema kijana akigeuka amwone babake.

Nasi wengine tuna deni letu. Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, baada ya darsa la watoto, nitakaa mlangoni na daftari. Kila anayemjua marehemu wetu aliyezikwa katika nchi hii na aje aniandikishe: jina lake na la babake, mji aliotoka, tarehe, na nambari ya kaburi kama ipo. Nitaanza na yule baharia. Kama kuna aliyekuwapo siku ile na anayekumbuka vizuri kuliko mimi, tafadhali asikose.