Mbwa Hazoei Kupe

Wako wenye mbwa wajifarijio kwa kusema, "Mbwa wangu amekwisha wazoea kupe." Humwona mnyama akibeba kupe masikioni tangu utotoni, wala haanguki, wakadhani kwamba mwili wake umejifunza kuwashinda. Dhana hiyo si ya kweli, nayo hugharimu maisha ya walinzi hawa wa nyumba zetu.

Ni kweli kwamba wako wanyama wajifunzao. Ng'ombe wetu wa asili wenye nundu, akiisha kuumwa mara kadhaa, ngozi yake hujenga kinga, na kupe wengi hushindwa kushiba. Simbilisi naye ni vivyo hivyo. Lakini mbwa sivyo alivyo. Katika utafiti wa Brazil uliochapishwa mwaka 1995, kupe wa kahawia wa mbwa waliwekwa mara kwa mara juu ya simbilisi na juu ya mbwa. Kwa simbilisi walianza kunyonya kwa taabu. Kwa mbwa waliendelea kushiba kama kawaida. Mate ya kupe huzuia damu isigande na kuituliza ngozi isipigane, na ngozi ya mbwa haipati namna ya kuyashinda.

Madhara yake ni makubwa. Jike aliyeshiba aweza kutaga mayai yapatayo 4,000, naye hatagi juu ya mbwa, bali katika nyufa za kuta na za banda. Kupe huyo pia hueneza vijidudu viletavyo homa, upungufu wa damu, na hata kutokwa damu puani.

Basi, mkague mbwa wako kila siku: masikioni, kwapani na katikati ya vidole. Mshike kupe kwa kibano karibu na ngozi, umvute taratibu. Usimchome moto wala kumpaka mafuta ya taa. Ziba nyufa, na banda litibiwe pamoja na mbwa. Kuhusu dawa, mwone Bwana Mifugo. Usikisie kipimo cha dawa ya josho la ng'ombe, na ukumbuke kwamba baadhi ya dawa za mbwa huua paka.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Mbwa anayenyamaza hajapona, anakungoja wewe.