Nani kasema bahari si ya watu wa Newala?

Mwezi Agosti nilimpigia simu mjomba wangu aliyeko Newala kumuaga. Nikamwambia, "Mjomba, kesho naenda kuzamia." Akanyamaza. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama nina pasi ya kusafiria, na kama mama anajua. Kwake yeye, na kwa Watanzania wengi tu, kuzamia ni kujificha ndani ya meli ya mizigo ili ukatokee Durban au Ugiriki. Ikabidi nimweleze kwamba nalipa nauli, napanda boti mchana kweupe, nafungwa mtungi wa hewa mgongoni, nashuka chini ya maji kuangalia viumbe wakubwa, na jioni narudi kula. Akacheka sana. Akauliza, "Sasa hao samaki mnawaangalia tu? Hamuwali?"

Nilirudi salama, nikaandika makala ya safari ile, nikaipeleka kwa mhariri mmoja ambaye simtaji. Alijibu siku hiyo hiyo. Eti makala ni nzuri, lakini niiandike kwa Kiingereza, maana mambo ya kuzamia hayana wasomaji wa Kiswahili. Rafiki yangu mmoja, mwandishi wa hadithi, naye akaongeza lake: mambo ya bahari waachie Wapwani, wewe mtu wa huko juu tuandikie korosho. Na wa tatu, ambaye ndiye aliyenikera zaidi kwa sababu ana hoja, akauliza: watu wa kwenu wanahangaika na maji ya kunywa, wewe unatuletea habari za nyangumi?

Haya. Tuzichukue moja moja.

Tuanze na hiyo ya Wapwani. Ni kweli kwamba ukisimama Shimo la Mungu pale Newala huioni bahari. Unaona bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Lakini tujiulize kwa nini kuna watu wengi hivyo juu ya uwanda ambao hauna maji, ambao mvua ikinyesha ardhi inaimeza yote, na chemchemi ziko chini kabisa ya mteremko. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Walipanda juu kwa sababu chini kulikuwa na wawindaji wa watu. Misafara ya watumwa ilitoka upande wa Ziwa Nyasa kwenda Kilwa, Lindi na Mikindani, na vichaka vya uwandani vilikuwa maficho. Kwa hiyo bahari ilikuwa ndani ya maisha yetu tangu zamani. Ndiyo iliyotufanya tuteke maji mbali kizazi baada ya kizazi. Kwa bibi wa bibi yangu, mnyama mkubwa wa baharini alikuwa jahazi, na lilikuwa linameza watu kweli.

Masasi ndiyo kabisa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliongoza kundi la watumwa waliokombolewa kutoka Zanzibar. Nia ilikuwa kuwarudisha upande wa Nyasa, lakini wakaweka makazi Masasi. Yaani mji ule una watu ambao bahari iliwachukua kisha ikawarudisha. Na huyo Steere ni yule yule ambaye sisi wapenzi wa fasihi tunamjua kwa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili na mkusanyiko wake wa ngano za Zanzibar, vyote vya mwaka 1870. Mtu aliyekusanya hadithi za Waswahili wa pwani ndiye aliyewafikisha watu wale Masasi. Halafu leo mtu aniambie kwamba Masasi na bahari havihusiani, na kwamba bahari ya fasihi inaishia Mikindani!

Tena tukikaa kimya, wengine hawakai kimya. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala, na mwaka 1908 kitabu chake juu yetu kilikuwa kimeshatoka. Alikaa miezi tu. Sisi tumekaa karne ngapi?

Hoja ya pili, kwamba Kiswahili hakina wasomaji wa mambo haya, mimi naigeuza: hakina waandishi. Maneno yapo. Wavuvi wanayo. Nyangumi, pomboo, nguva, kasa, taa, papa potwe. Hilo la mwisho ni jina la samaki mkubwa kuliko wote duniani, anayefika urefu wa basi, ana madoa meupe mgongoni kama mtu kammwagia chokaa, na chakula chake ni vijidudu na vidagaa vidogo anavyovichuja kwa mdomo. Pale Mafia, karibu na Kilindoni, huonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi. Huhitaji hata mtungi. Miwani ya majini, mrija na mapezi vinatosha. Watu wanatoka Ulaya kuja kumwona. Sasa fungua kamusi utafute majina ya viumbe wa baharini, uone mara ngapi utaambiwa "aina ya samaki" basi. Hata nyangumi, ambaye anavuta hewa kama wewe na ananyonyesha mtoto wake, bado tunamwita samaki kwenye mazungumzo. Huko ni kutaja mambo bila kuyaangalia.

Na kwenye mashairi yetu na taarabu bahari imejaa tele, sikatai. Lakini mara nyingi ni bahari ya mapenzi: mawimbi ni mateso, nahodha ni mpenzi, chombo kinakwenda mrama maana yake ndoa imeharibika. Naipenda hiyo lugha, nimekulia humo. Ila ukiisoma miaka ishirini unaanza kujiuliza: chini ya hicho chombo kuna nini?

Mimi nimeshuka nikaona kidogo. Mle botini nilikuwa Mtanzania pekee ukiacha wafanyakazi. Fomu ya usalama ilikuwa ya Kiingereza, maelekezo ya Kiingereza, bei ya dola. Mmoja wa mabaharia aliponiuliza kwetu wapi nikasema Newala, akaguna: "Mmakonde wa juu! Kuogelea umejifunzia wapi, kwenye ndoo?" Tukacheka wote. (Nilijifunza ukubwani, Dar es Salaam, kwa aibu nyingi, katikati ya watoto wa miaka saba.)

Tulishuka mita 12 kwenye mwamba. Nikaona taa mmoja na kasa wawili. Kisha nikasikia sauti. Mwanzoni kama mlango mzito wa mbao unaofunguliwa polepole, halafu kama ng'ombe anayemwita ndama kutoka mbali. Sikuisikia masikioni tu, niliisikia kifuani. Kiongozi wetu akaonyesha ishara kwa mkono: nyangumi. Walikuwa nyangumi wa nundu, ambao hula kusini kabisa kwenye maji ya barafu, kisha hupanda mpaka pwani yetu ya joto kuzaa na kutafuta wenza, kuanzia kama Julai hadi Novemba. Madume ndio huimba. Chini ya maji sikumwona hata mmoja, na sikupaswa kumfuata; mnyama mwenye mtoto haandamwi. Tulipopanda botini ndipo tukaona, mbali, pumzi ikiruka juu kama moshi, kisha mgongo mweusi, kisha maji matupu.

Hapo ndipo niliposhikwa na uchungu. Nilitaka kumsimulia mjomba nilichosikia, nikakuta maneno yanayonijia ni yale niliyosoma kwenye vitabu vya Kiingereza. Mlango na ng'ombe ilibidi niviwinde usiku kucha. Mwandishi wa habari wa miaka zaidi ya kumi, Kiswahili ndicho kinanilisha, halafu kiumbe anapita mbele ya mkoa wangu kila mwaka na mimi sina sentensi yake.

Sasa hoja ya tatu, ya maji ya kunywa. Hii siitupi. Uwandani maji bado ni mapambano, na mzee mwenye mikorosho yake anawaza salfa na bei ya mnada, hawazi pomboo. Na kalenda yenyewe inacheka: nyangumi wanafika Julai na Agosti wakati mifuko imekauka, fedha za korosho hazijaingia. (Papa potwe wa Mafia angalau wana adabu, wanakuja msimu wa mavuno.) Kweli ile boti ni ghali, na sitamwambia mtu auze gunia akalipe dola.

Lakini hoja hiyo ina mtego. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliingia barabarani kwa ajili ya gesi, na moto ukafika hadi Masasi. Hakuna aliyewaambia kwamba gesi si mambo yao kwa sababu hawana maji. Waliijua gesi, waliitaja, wakaidai. Lakini hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na mlango wa Ruvuma ipo tangu mwaka 2000, katika mkoa huo huo, na ukiuliza watu Newala mjini ndani yake kuna nini, wengi watakuambia samaki. Miaka na miaka baruti zililipuliwa kwenye miamba ya pwani hii ya kusini. Nani huko juu aliyelia? Mtu halilii jambo ambalo hajasimuliwa. Shida ya maji ikiwa sababu ya kumnyima maskini habari za bahari yake, basi maskini atanyang'anywa mara mbili: kwanza kitu chenyewe, kisha hata kujua kwamba alikuwa nacho.

Kwa hiyo sitaiandika upya kwa Kiingereza. Ndugu mhariri, nakushukuru, baki na ukurasa wako. Na ninyi mnaosoma hapa, wengi wenu mnaandika: nendeni Kilindoni, nendeni Msimbati, kaeni na wavuvi, ulizeni majina, andikeni rangi, sauti, harufu ya dizeli na kichefuchefu. Si lazima uzamie. Sentensi moja sahihi juu ya kasa ina faida kuliko mawimbi mia ya mapenzi.

Mjomba nilimsimulia Jumapili iliyofuata, kwa Kiswahili, na ile ya ng'ombe na ndama. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza wanapita mwezi gani, na nauli ya kwenda Mtwara siku hizi ni kiasi gani.