Kipanga wa Pointi 7

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, haichukui muda ukuta wa shule ya binafsi ya mtaani kwenu unavishwa bango jipya. Nyuso za watoto zimepangwa safu kwa safu kama za wagombea udiwani, kila mmoja na tai yake, na chini ya kila kidevu kwa maandishi mekundu: Division One, pointi 7. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha Januari 2023 kutangaza watahiniwa bora na shule bora. Shule hazikuacha, na sisi wazazi hatukuacha. Bado tunaulizana mwaka huu nani Tanzania One, yaani T.O., bado tukimwona mtoto wa pointi 7 tunamwita kipanga, na mjadala unafungwa hapo.

Mimi nautaka ufunguliwe. Pointi 7 ni habari njema kwa mzazi aliyelipa ada, na sina kijicho nazo. Zinatuambia kwamba mtoto alijibu vizuri maswali ya watu wazima ambao majibu walikuwa nayo mezani kabla yeye hajaingia chumba cha mtihani. Kama amewahi kuwa na swali lake mwenyewe, hazituambii. Na kipanga anayestahili jina hilo ni mtu wa swali lake. Ameshikwa na jambo moja na haliachi, hata pale ambapo kuliacha kungemletea amani, marafiki na pengine hela.

Mfano tunao nyumbani, na ajabu ni kwamba mara nyingi tunausikia kutoka kwa wageni. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Sekondari ya Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: unachemsha maziwa, unachanganya sukari, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye friji mahali pa kugandishia. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Siku moja mwenzake, kwa kuogopa kukosa nafasi, alichanganya maziwa na sukari bila kuchemsha akawahi kuyaweka. Mpemba yake yalikuwa yametoka jikoni. Akaona akingoja yapoe ataikosa nafasi, akayatia vilevile ya moto, liwalo na liwe. Walipofungua baada ya saa moja na nusu hivi, ya Mpemba yalikuwa yameshaganda na ya mwenzake bado uji mzito.

Wengi wetu tungelamba aiskrimu tukaenda zetu. Yeye alikwenda kumuuliza mwalimu wa fizikia, akajibiwa kwamba amejichanganya, jambo hilo haliwezekani. Alinyamaza, ila swali alibaki nalo. Akaja kukutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu Tanga mjini, na huyo akamwambia bila kupepesa macho kwamba yeye huyaweka ya moto kwa sababu ndiyo yanayoganda upesi. Muuza aiskrimu alikuwa analijua jambo ambalo mwalimu wa fizikia analikataa! Mpemba alipofika Mkwawa, Iringa, kwa kidato cha tano, wakafika kwenye sheria ya Newton ya kupoa kwa vitu, akanyoosha mkono tena. Mwalimu wa huko akamwambia kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, fizikia ya ulimwengu haiko hivyo. Tangu siku hiyo akikosea hesabu ubaoni anaambiwa hizo ni hesabu za Mpemba, na darasa zima likaudaka msemo.

Wenye kuamini kwamba kipanga ni mtu wa kupigiwa makofi watulie hapo kidogo. Kijana anazomewa na darasa, mwalimu ndiye anayeongoza kuzomea, naye siku moja anakuta maabara ya baiolojia iko wazi, anaingia na vikombe viwili vidogo vya kupimia, kimoja cha maji ya bomba na kimoja cha maji ya moto, anavitia kwenye friji. Baada ya saa moja akaenda kuangalia, akakuta cha moto kina barafu zaidi. Alama hakupewa. Zoezi lenyewe hakuna aliyempa.

Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu kule Dar es Salaam, alipokwenda Mkwawa kuzungumza na wanafunzi, Mpemba akamuuliza lilelile mbele ya wote. Baadhi ya wenzake waliona kawaaibisha mbele ya mgeni. Osborne hakuwa na jibu, akaahidi kwamba atakwenda kujaribu. Aliporudi Dar akamkabidhi kazi fundi wa maabara, na fundi akarudi na taarifa inayonichekesha kila nikiikumbuka: maji ya moto kweli yametangulia kuganda, lakini asiwe na wasiwasi, wataendelea kurudia mpaka wapate jibu lililo sahihi. Mwaka 1969 makala ikachapishwa katika jarida la Uingereza la ualimu wa fizikia, majina mawili juu yake, Mpemba na Osborne. Dunia hadi leo inaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Wanasayansi hawajamaliza kulibishania. Mwaka 2016 Burridge na Linden walichapisha utafiti wao wakasema hawakuona ushahidi wa kuwatosheleza. Mimi hilo halinipunguzii chochote. Zaidi ya miaka 50 watu wenye shahada za uzamivu wanagombea swali la mvulana wa Lushoto.

Sasa fikiria swali lile lingetokea kwenye mtihani. Vyombo viwili, maji nyuzi 35 na maji nyuzi 100, kipi kitaganda kwanza? Aliyekariri angeandika cha nyuzi 35, angepata tiki, angekwenda kwenye bango. Mpemba angeandika alichokiona kwa macho yake, akapata kosa. Kipimo chetu cha kumtafuta kipanga kingemkata kipanga.

Najua nitakavyojibiwa: huyohuyo Mpemba alifaulu, la sivyo Mkwawa angefikaje? Kweli, alifaulu. Na daktari atakayenipasua tumbo namtaka awe amefaulu, tena vizuri. Mtihani una kazi yake ya kuchuja watu kwa ajili ya nafasi chache, na sijasikia njia nyingine isiyo ya kujuana. Ninachokataa ni kuigeuza tiketi ya kupandia gari kuwa ndiyo safari. Waliofaulu na Mpemba kwenda Mkwawa walikuwa darasa zima. Ndio haohao waliokuwa wakimzomea.

Kuna uongo mwingine umeshikana na huu: kwamba kipanga hana watu. Miwani mizito, kitabu kwapani, mpira hajui, harusini anakaa kona. Kama wapo wa namna hiyo, basi si ukipanga uliowaweka kona. Mtu mwenye swali lake ni msumbufu, hawezi kukaa peke yake hata akitaka. Mombasa ya karne ya 19 alikuwapo Mwalimu Sikujua, ambaye miongo kadhaa baada ya mshairi Muyaka bin Haji kufariki aliyatafuta mashairi yake kwa wazee waliokuwa bado wanayakumbuka, akayaandika, akafafanua yale maneno na visa ambavyo vijana wa wakati wake walikuwa wameshaanza kutovielewa. Alishirikiana na Taylor, mmishenari Mwingereza, na ilipofika 1940 diwani ya Muyaka ikachapwa Johannesburg chini ya uhariri wa Hichens. Wasomi wangapi wa fasihi wamepata shahada zao kwa mgongo wa kazi ya mtu huyo! Beti zilizomo kichwani mwa mzee huzipati kwa kujifungia chumbani. Unakwenda kwake, unaamkia, unakaa, unasikiliza habari zake za mguu unaomuuma, ndipo anakupa ubeti mmoja, nao hauna kituo. Kesho unarudi.

Mjini picha hii ya kipanga imebadilishiwa nguo tu. Kipanga wa siku hizi eti ni mtu wa kompyuta: sweta lenye kofia, kompyuta mpakato iliyojaa stika, na akaunti ya mtandaoni inayotangaza kuwa yeye ni mbunifu wa suluhisho za kidijitali. Wapo kati yao ambao ni vipanga kwelikweli, nimewaona wakigombana hadi usiku juu ya mstari mmoja wa programu. Wengi lakini wanauza kozi ya kuuza kozi. Kwa vile dunia imeona vijana wa kompyuta Marekani wakiwa mabilionea, tumehitimisha kwamba ukipanga ni njia ya hela, na asiye na hela hajawa kipanga bado. Mpemba mwenyewe aliishia kwenye kazi ya wanyamapori serikalini.

Simu yangu ilikufa mwaka jana. Fundi wa kwanza akasema skrini, wa pili akasema betri, na wote walitaka hela mkononi kwanza. Nikaelekezwa kibanda kimoja cha ndani kabisa, mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Kijana aliyekuwamo hakugusa habari ya bei. "Kaka, ilizima ghafla au ilianza kuchemka?" Nikamwambia ilikuwa inachemka. Akaifungua, akaitoa bodi, akaiweka chini ya hadubini, akagusagusa kwa mita, akaguna. Kisha akaifukizia moshi wa ile dawa ya kulehemu mpaka bodi ikawa nyeupe, akaipa umeme kidogo. Sehemu moja ndogo mno, ambayo mimi bila hadubini nisingeiona, weupe ukayeyuka pakarudi kuwa peusi. "Hapo ndipo penye shoti," akasema, huku ananivutia kiti nichungulie na mimi, wateja wengine wamesimama wanasubiri na wanaanza kulalamika. Pembeni alikuwa na kaunta buku limechakaa pembe, ndani kachora bodi za simu kwa kalamu ya risasi, aina kwa aina, na kando ya kila mchoro kaandika ugonjwa aliowahi kuukuta na namna alivyouponya. Shule aliachia kidato cha pili. Nilipomuuliza michoro ile ni ya nini wakati ipo mtandaoni, alisema ya mtandaoni haionyeshi kwa nini.

Kwa hesabu zetu huyu ni kilaza. Tulishamwambia hivyo, rasmi, kwa karatasi yenye mhuri. Na yupo mwingine aliyetoka na pointi zake 7, akaenda chuo, akaishi kwa madesa, akamaliza, na tangu siku ya mahafali hajafungua kitabu chochote cha fani yake kwa sababu hakuna aliyemtangazia mtihani. Huyo tunamwita msomi.

Imani hii ya kupima ukipanga kwa pointi ingekuwa ya kuchekesha tu kama isingekuwa na gharama. Watoto wanaamshwa alfajiri kwenda tuisheni kupitia mitihani ya miaka iliyopita, mmoja baada ya mwingine, mpaka wanajua swali kabla halijaisha kusomwa. Akitokea wa kuuliza jambo la pembeni anajibiwa kwa neno ambalo kila aliyesoma nchi hii analijua: hilo halitoki. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 unahimiza ujuzi na umahiri, maneno mazuri, lakini mtoto hasomi mtaala, anamsoma mwalimu usoni, na anajua kabisa ni swali gani linalomfurahisha na lipi linalomchosha. Na haya tunayafanya wakati ambapo simu ya kiganjani inajibu maswali ya mitihani iliyopita vizuri kuliko T.O. yeyote, usiku wa manane, bila ada. Kama ukipanga ni kuwa na majibu, basi umekwisha, tufunge duka.

Kwa hiyo nawageukia wazazi wenzangu na walimu. Mtoto akikuuliza mara ya tatu jambo ambalo halimo kwenye silabasi, usimwambie akasome. Hujui? Mwambie hujui, kama Osborne alivyofanya mbele ya darasa zima, kisha ongozaneni kwa anayejua, awe ni profesa au muuza aiskrimu. Na kama friji nyumbani ina nafasi, mwacheni aweke maziwa yake ya moto.