Ushahidi wa Wachoma Mkaa wa Ndola

Filamu ya mwaka 2019 ya Mads Brügger wa Denmark imezusha tena shaka juu ya kifo cha Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliyeanguka na ndege karibu na Ndola, Septemba 1961, akienda kuonana na Tshombe. Mengine ndani yake ni magumu kusadiki. Mimi nashika moja tu: wachoma mkaa walisema waliona ndege ya pili usiku ule. Tume ya wakoloni wa Rhodesia ikawapuuza, ikamlaumu rubani. Angesema mzungu mwenye shamba, je? Jaji Mohamed Chande Othman wa Tanzania, aliyekabidhiwa uchunguzi na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, aliwapa uzito. Lakini Uingereza na Marekani hazijatoa majalada yote ya kijasusi. Wayatoe, maana mashahidi wengi wameshakufa.