NYUMBA NA USALAMA: Cheche Isiyokata Fyuzi

Miezi ya Juni na Julai baridi huikumba Bungu, juu katika milima ya Usambara, na madirisha hufungwa mapema. Wazee wengi wa huko wana watoto wafanyao kazi Tanga na Dar es Salaam. Watoto hao wakijaliwa, huwavutia wazazi umeme, kisha huwapelekea hita ya chumbani. Hilo ni jambo jema. Lakini je, nyaya za chumba hicho zinaimudu kazi hiyo?

Wengi wetu huamini kwamba fyuzi ikiwapo, nyumba i salama. Imani hiyo ni nusu ya ukweli. Fyuzi hukata umeme unapozidi kiasi, kama inapotokea shoti. Hita ya wati 2,000 kwa umeme wa volti 230 hutumia ampea zipatazo 9, na fyuzi ya plagi yake ni ya ampea 13. Sasa skrubu ya soketi ikilegea, au waya uliokanyagwa na mguu wa kitanda ukikatika nyuzi, umeme huruka penye mwanya na kutoa cheche ziwezazo kuunguza mbao na godoro. Ampea hazizidi 9. Fyuzi haina habari, na waliolala hawana habari.

Kwa ajili ya hatari hiyo, kanuni za umeme za Marekani za mwaka 1999 ziliagiza kwamba kuanzia Januari 1, 2002 soketi za vyumba vya kulala katika nyumba mpya zilindwe kwa swichi itambuayo cheche na kukata umeme. Chumba cha kulala kilitangulizwa. Aliyelala huchelewa kuutambua moto.

Swichi hizo ni adimu majumbani mwetu, hivyo hatuna budi kuwa macho wenyewe. Soketi ikiwa ya moto, ikigeuka rangi au kutoa mlio wa kukaanga, taa ikipepesa, au ikisikika harufu ya plastiki iunguayo, zima mein swichi na umwite fundi mwenye leseni ya EWURA. Hita ichomekwe ukutani moja kwa moja, waya wake usipite chini ya godoro wala mlangoni, nayo izimwe kabla ya kulala.

Ndugu msomaji, uendapo nyumbani likizo, pamoja na sukari na blanketi, tenga fedha ya fundi akague maungio yote na kukaza kila skrubu. Umeme uliowapa wazazi ni zawadi. Usalama wao ndio ukamilifu wake.