Vidio yangu ilivuma, kamshafti ya anko ikafa

Wasee, mnakumbuka ile vidio ya Peugeot 504 pikapu ya anko ikiwaka mara ya kwanza baada ya ovaholi? Ile mlijaza komenti za "fundi noma". Sitaitoa, lakini mjue tu kwamba pale tulikuwa tunaua injini mbele ya kamera, na mimi nilisaidia.

Hiyo pikapu hubeba waru kutoka Njoro hadi Nakuru mjini. Ndiyo ilinilipia karo mpaka nilipoachana na chuo mwaka wa pili, kwa hivyo si chuma tu kwangu. Anko aliweka kamshafti mpya na tapeti mpya. Fundi akaifuta kamshafti ikang'aa, akaipaka oili ya kawaida kidogo, akaiingiza. Nilichukua hapo sekunde nne hivi. Kisha injini ikakaa wiki tatu ikingoja silinda hedi irudi kutoka kusagwa.

Siku ya kuwasha, petroli haikuwa imefika kwa kabureta. Stata ikalia, ikalia, ikalia. Ilipowaka, fundi alitaka kukanyaga mafuta. Nikamwambia, "Fundi, iache iende polepole, nipate sauti safi." Akaiacha. Hiyo ndiyo sauti mliyoisifu.

Baada ya mwezi na kitu, taktaktak chini ya boneti, na mlima haupandi. Walipofungua, nundu mbili za kamshafti zilikuwa zimelika, na tapeti zake zimechimbika chini kama visosa.

Sasa shida iko hapa. Kwa 504, kamshafti iko ndani ya bloku. Nundu inasukuma tapeti yenye kitako bapa, tapeti inasukuma fimbo, na mwisho valvu inafunguka ikipigana na springi ngumu. Nguvu hiyo yote inapita kwenye mstari mwembamba ambapo nundu inagusa tapeti. Beringi za kamshafti hupata oili kwa presha ya pampu, lakini nundu hutegemea sana oili inayorushwa na krenki. Krenki ikizunguka polepole, inarusha kidogo. Na zile dakika za kwanza ndizo vyuma viwili vipya vinazoeana. Oili nyepesi iliyopakwa wiki tatu zilizopita ilishadondoka zamani kwa sampu.

Ndiyo maana kuna ile pesti nyeusi ya molibdeni. Inanata, haidondoki. Unaipaka kwenye kila nundu na kwenye kitako cha kila tapeti. Ubavuni mwa tapeti weka oili tu, maana inafaa izunguke ndani ya tundu lake. Na tafadhali, usitumie grisi ya beringi za gurudumu. Haichanganyiki vizuri na oili, inaweza kwenda kuziba filta. Halafu kabla ya kugusa swichi, maji yawe kwa rejeta, taiming iwe sawa, petroli iwe imefika. Ikiwaka, ipandishe mara moja hadi mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, uishikilie hapo kama dakika 20, ukicheza nayo juu na chini kidogo.

Najua kuna mtu ataandika kwamba wazee walimwaga oili tu na 504 zikatoboa. Kweli zilitoboa, moja ilishinda Safari Rally 1975. Lakini oili za siku hizo zilikuwa na zinki na fosforasi nyingi zaidi, vitu vinavyolinda nundu. Nyingi za sasa zimepunguziwa ili zisiharibu kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi. Na kama gari lako lina tapeti za rola, hii ya dakika 20 si lazima. Soma kitabu cha injini yako.

Simlaumu fundi peke yake. Alikuwa na magari mengine matatu yanangoja na mteja anapiga simu kila saa. Lawama yangu kubwa ni kwetu sisi wenye simu. Tumewazoesha watu kwamba ovaholi ni ule mlio wa mwisho, na fundi anayepaka pesti pole pole tunamwona anachelewesha kontenti. Na wewe unayelipa, omba uitwe siku ya kufunga kamshafti. Simama hapo, uione ikiwa nyeusi kabla ifunikwe. Fundi akikasirika, akasirike tu.

Anko alinunua kamshafti na tapeti mara ya pili. Fundi hakuitisha pesa ya kazi. Pesa ya vidio yangu haikutosha hata gasketi.

Safari hii nilipaka mwenyewe, fundi akiniangalia, na vidole vikabaki vyeusi mpaka Jumatatu. Vidio ya pili ni dakika 20 za injini ikinguruma bila kushushwa. Imetazamwa na watu 212. Anko ameiangalia mara mbili.